Mlango niliuziba, maji yakatokea chooni

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya watu wa bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, walihamishiwa Mabwepande. Sisi tuliobaki huku chini ya Kigogo, kila masika tunapewa ushauri ule ule: jaza viroba mchanga, panga mlangoni. Nilipoufuata mwaka 2018 magodoro yalilowa yote, na mpaka leo bado nausikia ukitolewa. Inaniudhi kweli.

Viroba nilivijaza hadi mdomoni. Kiroba kilichoshiba hakilaliani na mwenzake, kinabaki duara, maji yanapenya katikati. Ila mlangoni yalichuruzika tu. Bafuni ndiko yalikofoka. Chemba ya nje ilipozama, maji yalirudi na bomba, yakapanda kwenye tundu la bafu na sinki la choo, meusi, kinyesi kinaelea juu. Maji ya nje yakipita usawa wa sakafu, kila bomba linalotoka nyumbani linageuka njia ya kuingilia.

Matambara kwenye tundu hayafai, yanasukumwa na kutoka kama kizibo. Dawa niliyoipata ni bomba la plastiki la inchi 2, urefu futi 3. Mwishoni zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, raundi kwa raundi, mpaka bomba liingie tunduni kwa kulizungusha kwa nguvu, kisha lisimamishe wima. Maji yanapanda humo ndani hadi usawa wa yale ya nje, yanasimama hapo hapo, sakafu inabaki kavu. Halishindani na maji, linayapa pa kupanda. Gharama yake ni elfu chache, na kipande cha bomba unaweza kumwomba fundi. Kwenye sinki la choo weka nailoni mbili, moja ndani ya nyingine, zenye mchanga kilo 10, uzikandamize zikae. Maji ya sentimita 60 yanasukuma tundu la inchi 4 kwa nguvu ya kama kilo 5, kwa hiyo mchanga unashinda.

Mlangoni sasa najaza viroba nusu tu, kila kimoja kilo 20 hadi 25. Mdomo sifungi, naukunja chini ya kiroba chenyewe. Turubai linatangulia, ncha yake ikikandamizwa na safu ya kwanza, halafu linapandishwa upande wa maji. Safu mbili za chini ni za mistari miwili, za juu mmoja, viungo vikipishana kama tofali, na kila safu naikanyaga kwa miguu. Mlango mmoja unakula viroba 24 hivi.

Sipandishi kupita sentimita 60, na hapa ndipo nabishana sana na majirani. Maji ya kina hicho yanasukuma mlango wenye upana wa sentimita 90 kwa nguvu ya kilo 160. Yakifika sentimita 90 ni kilo 360, na ukuta wa tofali wenye urefu wa mita tatu unabeba zaidi ya tani moja. Ukuta ukianguka unaua. Yakikaribia sentimita 60 mimi nazima umeme wote kwenye meni swichi, natoa watoto, nafungua mlango maji yaingie. Na hayo yanayopita kasi barabarani, hata ya sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Usisubiri mvua inyeshe kwako. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, kwa hiyo mto unaweza kujaa huku juu yako ni jua. Nina mtu kule juu, tumekubaliana alama ya rangi kwenye nguzo ya daraja: maji yakiigusa, ananipigia. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa nazisoma pamoja na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, bahari inajaa na mto unakosa pa kumwagia kule daraja la Salender, unapoingia baharini. Mvua kubwa ikiangukia siku hizo, viroba vinapangwa mchana, kabla maji hayajajaa.

Yakipungua, bomba la bafuni nalitoa mwisho kabisa, chemba ikishaonekana. Sakafu naipiga deki kwa Jik kipimo kimoja, maji sita.