Nakuungamia kwanza, Utukufu baadaye

Kila Jumapili, kabla kwaya yetu haijaimba Utukufu kwa Mungu juu mbinguni, tunasali Nakuungamia, sala ya kukiri dhambi, tukipiga vifua pamoja na waumini wote. Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Kisha Bwana utuhurumie. Ndipo kayamba ziingie. Nafundisha kwaya hapa Malindi, na huwaambia wanakwaya wangu kwamba aliyeruka ile sala ya kwanza ataimba noti zote sawasawa na bado hajamsifu Mungu. Hajajua amesimama mbele ya nani.

Someni 2 Samweli sura ya 6. Daudi ni mfalme, lakini sanduku la Bwana linapoingia mjini anacheza kwa nguvu zake zote, kavaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani. Mikali binti Sauli anachungulia dirishani, anamdharau moyoni. Daudi anamjibu kwamba alicheza mbele za Bwana, na kwamba yuko tayari kujishusha kuliko hapo. Nalipenda mno jibu hilo! Mikali alibaki juu na heshima yake, shangwe ikapita chini barabarani.

Sifa za watu nazo zina kazi yake. Misa ikiisha hutujia pale nje: “Mwalimu, leo mmetufikisha mbinguni.” Wapo wanakwaya wanaojibu, “Aa wapi, tumeharibu tu.” Silikubali hilo. Karama umepewa, ukiikana, unamnyima shukrani aliyekupa. Sema asante, Mungu asifiwe, uendelee na kazi. Mithali 27:21 inasema mtu hujaribiwa kwa sifa zake, kama dhahabu katika tanuu. Tuna mama mmoja wa sauti ya tatu, anayesifiwa kuliko sote, na kwa haki. Siku ya mazoezi ndiye anayetangulia kufika, akafagia chumba na kupanga viti. Hakuna aliyemtuma.

Kule ufukweni kipo kikanisa cha Wareno, kidogo, cha makuti. Huwapeleka wanakwaya wapya pale niwasimulie habari za Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, akamzika hapa mtu aliyefia merikebuni. Alikuwa mjumbe wa Papa. Huko Lisbon aliambiwa kwamba mtu wa cheo chake hafai kuonekana akijifulia nguo. Yeye akafua, na safarini akawauguza wagonjwa.

Kwaresima, isipokuwa sikukuu chache, Utukufu hauimbwi. Vijana huona siku hazisogei. Mimi nauthamini mfungo huo wa sauti, kwa sababu mkesha wa Pasaka kengele zikilia na Utukufu ukarudi, hata wazee wa besi hushikwa na machozi. Pasaka ijayo nataka tuuimbe kwa mahadhi ya Kigiriama, kayamba na chivoti, ile filimbi ya Wagiriama, na sitampa mtu yeyote ubeti wa kuimba peke yake. Kanisa zima litaimba, mwanzo hadi Amina.