Nilivyopanga mchango wa ufadhili kwenye chuo cha udaktari wa miguu Marekani

Kabla ya kuuliza utoe kiasi gani, amua pesa itumike vipi: iingie kwenye mfuko wa kudumu, ambao chuo hutumia sehemu ya faida tu na mtaji ukabaki, au itumike yote ndani ya miaka michache. Mfuko wa kudumu una heshima yake, ila kwa asiye na pesa nyingi hesabu yake hukatisha tamaa. Vyuo vingi hutoa asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka ya wastani wa thamani ya mfuko. Dola 25,000 kwa asilimia 4 ni dola 1,000, na mwaka wa kwanza mara nyingi hakitoki kitu. Soko likiporomoka, chuo kinaweza kusimamisha malipo hadi mfuko urudi kwenye thamani yake. Dola 25,000 hizo hizo zikitumika kwa miaka 5 ni dola 5,000 kila mwaka. Nilishika njia hii ya pili, na ndiyo ninayomshauri mtoaji wa kiwango cha kati.

Dola 5,000 hazifiki mbali kwenye ada. Kwa hiyo nilitafuta mahali ambapo pesa ndogo ina uzito, napo ni mwaka wa nne. Shahada ya DPM, yaani ya udaktari wa miguu, ni miaka 4, kisha daktari huingia mafunzo ya hospitali ya miaka 3, na nafasi nzuri hugombewa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne huzunguka hospitali za majimbo mbalimbali ili wakuu wa programu hizo za mafunzo wamwone akifanya kazi kabla hajaomba nafasi. Nauli na malazi ni juu yake, kodi ya chumba alichokiacha inaendelea, na bado kuna ada za maombi na za mitihani ya leseni, APMLE. Asiye na uwezo huishia kuchagua hospitali za karibu tu, na hapo anakuwa amejifungia milango mapema.

Mkataba wa mchango ndio niliokaa nao muda mrefu, maana ofisi ya michango hubadilisha wafanyakazi, lakini maandishi hubaki. Kwanza, jina la chuo. Vyuo vingi vya udaktari wa miguu sasa viko chini ya vyuo vikuu vikubwa: cha Philadelphia kiliingia Temple mwaka 1998, cha Ohio kikaingia Kent State mwaka 2012. Hundi iliyoandikiwa chuo kikuu bila maelezo inaweza kuishia kwenye mfuko wa jumla. Andika jina la kitivo, jina la mfuko na namba yake, kwenye mkataba na kwenye kila malipo.

Pili, vigezo. Sheria ya kodi hairuhusu umtaje mwanafunzi unayemtaka. Uteuzi ni wa chuo. Vigezo unaruhusiwa, ila usivibane. Ukiandika "lazima awe" anatoka eneo fulani, ana alama fulani na anapenda upasuaji, itafika mwaka hakuna anayestahili na pesa italala. Andika "atapewa kipaumbele". Kigezo kimoja tu nilikiacha kiwe cha lazima: uhitaji wa kifedha.

Tatu, swali ambalo watoaji wengi hawaliulizi: mwanafunzi akipata ufadhili huu, chuo kitapunguza nini? Kanuni za misaada ya serikali kuu haziruhusu jumla ya misaada ipite gharama ya masomo iliyokadiriwa. Kama hakuna maelekezo, chuo kinaweza kupunguza ruzuku yake chenyewe, na mwanafunzi akabaki pale pale. Omba iandikwe kwamba kitakachopunguzwa kwanza ni mkopo. Malizia na kifungu cha akiba: kusudi hili likishindikana, pesa ziende wapi ndani ya kitivo hicho hicho.

Kuhusu namna ya kutoa, hisa zilizopanda bei ambazo umezishika zaidi ya mwaka mmoja ni bora kuliko hundi. Usiziuze kwanza, zihamishe kama zilivyo. Hulipi kodi ya faida iliyotokana na hisa kupanda bei, na kama unaorodhesha makato yako kwenye hesabu za kodi, unafuu huhesabiwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, yaani katikati ya bei ya juu na ya chini. Tatizo lake ni moja: hisa hufika kwenye akaunti ya chuo bila jina la mtoaji. Siku unayomwagiza dalali, iandikie ofisi ya michango jina la kampuni, idadi ya hisa, siku zinapotarajiwa na mfuko unaohusika. Bila hivyo zitakaa pale hazina mwenyewe. Aliyefikisha miaka 70 na nusu anaweza kutoa moja kwa moja kutoka IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni, bila kiasi hicho kuhesabiwa kipato; kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 108,000. Hundi lazima iandikwe kwa jina la chuo, si kwa jina lake.

Vifaa ni habari nyingine. Mashine iliyotumika huja na gharama za matengenezo, ikizidi dola 500 utahitaji fomu ya kodi namba 8283, na ikizidi dola 5,000 utahitaji mthamini pia. Muulize msimamizi wa kliniki kinachoisha haraka. Uzi wa nailoni wa gramu 10, ule wa kupimia hisia za nyayo kwa wagonjwa wa kisukari, hulegea ukitumika mno: hupinda kabla ya kufikia gramu 10, na kipimo kinadanganya. Kununua nyuzi mpya kila muhula kuna faida kuliko kutoa kiti cha zamani cha kliniki.

Kwa kila mchango wa dola 250 au zaidi, dai barua ya chuo inayosema kama ulipewa chochote badala yake, na uwe nayo kabla ya kuwasilisha hesabu za kodi. Na ndani ya mkataba omba taarifa ya mwaka: kiasi kilichotoka, kilichobaki, na wanafunzi wangapi walinufaika.