Slipu ya Januari

Leo nimepata slipu ya mshahara ya Januari 2026 hapa Hamburg, Ujerumani.
Kima cha chini cha mshahara, saa moja: yuro 13.90! Mwaka jana ilikuwa 12.82.

Nikakimbilia kumwonyesha mwenzangu wa usafi, mama mmoja wa Bulgaria.
Nikamkuta keshakalia ndoo aliyoipindua, anapiga hesabu nyuma ya risiti. Kwao kima cha chini sasa ni yuro 620.20.
Kwa mwezi, jamani.

Akapiga mstari chini ya jibu. Akaupiga tena.
"Binti yangu analipwa hiyo," akasema, akavaa glovu.

(Kodi ya chumba changu nayo imepanda, wala haikusubiri Januari.)

Mlioko Italia na Sweden, ambako sheria haiweki kima cha chini, nyie mnapatana vipi na bosi?