Kava la Taa ya Kulia

Jana binti yangu alilifukua lile kava kutoka kwenye boksi la misumari, akalielekeza juani. "Baba, mbona lina namba kama vocha?" Sikumjibu upesi. Harufu ya plastiki kongwe ilikuwa imeshanirudisha uani kwetu, Ligula, msimu wa korosho wa 1996.

Gari la Baba mnalijua: kobe la bluu, Volkswagen aliyoinunua kwa mapadre 1979. Kila mgeni aliambiwa maneno yaleyale: tangu nilinunue halijagonga wala kugongwa, hata taa ni zilezile lilizotoka nazo Ujerumani. Nami niliyaamini yote.

Siku hiyo Mjomba alikuja kutoka Mikindani kutengeneza taa ya breki. Alipofungua makava mawili akaniita. "Njoo, mpwa, nikusomeshe." Akasaga chaki, akaipaka, akafuta kwa kiganja, maandishi yakabaki meupe juu ya wekundu. E ndani ya duara na namba 1: kibali kimetolewa Ujerumani. Ingekuwa 2, Ufaransa, 3, Italia, 11, Uingereza. R ni taa ndogo ya nyuma, S1 ni breki, 2a ni indiketa. Akanionya nisije nikaichanganya R hiyo na ya Marekani: kwenye kava lenye herufi SAE, R ni taa ya rivasi, na taa ndogo ni T. Namba ndefu kando ya duara ni ya kibali. "Wengi wanaisoma kama mwaka. Mwaka uko huku."

Akanionyesha kiduara kidogo kuliko kitufe cha shati, mfano wa saa: 1 hadi 12 pembeni, tarakimu mbili katikati, mshale katikati yake ukielekea mwezi. Kava la kushoto: 71. Akachukua la kulia, akapaka chaki, akafuta.

83. Mshale kwenye 4.

Nakumbuka kimya kile kuliko maneno yote. Kidole gumba cha Mjomba kikarudi taratibu juu ya kiduara, kikakifunika. Akatazama barazani, Baba alikokuwa na redio yake. Kuku wakapita kati yetu. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Hii inasema siku plastiki ilipomwagwa kwenye kalibu. Haisemi limefungwa lini, wala kwa nini." Akachukua bisibisi.

Usiku ule ndipo nilipowaza kwamba sijawahi kumwona Mama ndani ya gari lile. Kwenda kwao Masasi alipanda basi, na kobe limelala uani. Nilidhani ni adabu, au vumbi.

Sikuuliza. Baba alifariki 2009, Mjomba akamfuata, gari likauzwa. Kava la kulia nililifungua mwenyewe kabla mnunuzi hajafika, nikamfungia lingine. Mama yupo Chuno. Siku hizi husikia kwa shida.

Jana nilimweleza binti herufi zote, moja moja, nikaishia kwenye kibali. Mshale akauona mwenyewe.

"Mwezi wa nne, themanini na tatu," akasoma. "Bibi atakuwa anaukumbuka?"

Jumapili tunakwenda kwake. Kava nimelifunga kwenye kitambaa, lipo mezani. Sijaamua kama nitalibeba.