Mstari ule mmoja

Nimerudi sasa hivi kutoka Wete, magharibi imeshaingia, na moyo bado haujatulia.

Kuna zahanati moja naitunzia mfumo wake wa wagonjwa wa mtandaoni. Leo asubuhi nafungua kanzidata, hifadhi ya taarifa zao, macho yakatua hapa:

"Mjamzito, wiki 9."

Jina pembeni. Namba ya simu pembeni. Wazi kabisa.

Pemba hii tunajuana, jamani. Huenda hata mama yake mzazi hajaambiwa.

Nimeshinda kutwa nasimba zile safu, yaani nageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo wake wa siri, kwa AES-256, njia ya usimbaji inayotumika sana. Ufunguo nimeuweka mbali na kanzidata, maana kufunga mlango ukaacha ufunguo kwenye kitasa ni kazi bure. Kila rekodi ina namba yake ya nasibu inayochanganywa wakati wa kusimba, kwa hiyo hata wagonjwa wawili wenye maradhi yale yale, maandishi yao yaliyosimbwa hayafanani.

Alasiri nikautazama tena mstari ule. Herufi na tarakimu zimevurugika, hausomeki.

Muuguzi akaingia kwa nywila yake. Maneno yakarudi, kwake peke yake.

Nilivuta pumzi, wallahi.

Wenzangu mnaotengeneza mifumo, funguo zenu mnazihifadhi wapi? Na nakala za zamani za kanzidata, zile za kabla ya kusimba, mmezifanyaje?