Eti watoto wa Uingereza hawasomi, wanacheza tu

Shemeji yangu ametuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia. Kisa chenyewe: alipiga simu ya video, akamkuta binti yangu, akamuuliza mikoa inayopakana na Kigoma. Mtoto akacheka. Basi ikawa hotuba. "Huko Ulaya mnapeleka watoto kucheza. Wa kwangu yuko darasa la tano, mikoa yote iko kichwani." Grupu zima likamwaga vicheko. Hata mama mkwe, ambaye huwa hasemi kitu humo zaidi ya Amina, akaweka dole gumba.

Nilitaka kumjibu pale pale nikaona jibu lina urefu kuliko subira ya grupu. Acha niliandike hapa, na ninyi mnaoniuliza kila mara kuhusu kuleta watoto mlisome. Nasema England tu, maana Scotland na Wales wana mitaala yao.

Mwaka wa mwisho wa praimari wenyewe wanauita Year 6. Mtoto anauanza Septemba akiwa na miaka kumi, anaumaliza Julai akiwa na kumi na moja. Nyumbani umri huo ndiyo kwanza yuko darasa la tano, kwa hiyo shemeji ukilinganisha linganisha sawa. Hakuna kukariri darasa, hakuna viboko, hakuna fagio la kwenda nalo shule. Hilo la fagio nalisema kwa masikitiko, kwa sababu nina mtoto anayejua kugawanya sehemu kwa sehemu lakini sufuria aliyolia chakula anaiacha kwenye sinki akisubiri mtumishi asiyekuwepo.

Tuanze na hesabu, maana ndiko watu wa nyumbani wanakodharau. Mwaka huu wamegawanya namba ya tarakimu nne kwa namba ya tarakimu mbili, kwa mkono, bila kikokotoo. Wamefanya asilimia, uwiano, eneo la pembetatu na msambamba, wastani, grafu za duara, na aljebra ya kutafuta thamani ya herufi. Kwenye orodha ya mada sioni mtoto wa Bongo anachotuzidi. Tofauti iko kwenye karatasi za mtihani. Sisi wa darasa la saba tuliozoea kuchagua herufi na kuweka kivuli, tulikuwa na mbinu ya kubahatisha. Hapa maswali mengi mtoto anaandika jibu mwenyewe, na lile la kugawanya lina alama mbili: akikosea jibu lakini njia ikawa sahihi, anaweza kuambulia moja. Karatasi ya kukokotoa ni dakika 30, alama 40. Wa kwangu anaikimbiza kama anafukuzwa na mbwa, kisha anapoteza alama kwa kusahau sifuri.

Kiingereza ndicho kilichonitoa jasho. Mimi nilisoma sarufi ya Mwalimu wangu wa Kiingereza sekondari, aliyekuwa anatembea na kamusi kwapani, nikajiona niko vizuri. Sasa mtoto wa miaka kumi na moja ananiuliza nukta mkato inakaa wapi, sentensi igeuzwe kuwa ya kutendwa, kitenzi kipi kinaonyesha uwezekano. Kuna orodha ya serikali ya maneno 100 ya tahajia kwa Year 5 na Year 6, ndani yake mna mitego kama "rhythm" na "yacht". Nilijifariji siku moja getini nilipomsikia mama mmoja, Mwingereza wa kuzaliwa, akisema kazi ya nyumbani ya sarufi anamwachia mtoto mwenyewe kwa sababu yeye haelewi hata swali.

Na hapa niseme kero yangu. Tulipohamia shule hii, fomu iliuliza lugha ya nyumbani, nikajaza Kiswahili. Wiki iliyofuata mtoto yuko kwenye meza ya wanaosaidiwa kusoma, anapewa vitabu vyenye picha kubwa na mstari mmoja. Mtoto aliyezaliwa hapa hapa! Nilienda, nikaomba wampe kitabu cha darasa lake akisome mbele yangu. Akasoma. Mwalimu akatabasamu lile tabasamu lao, akasema ni utaratibu tu. Akamhamisha. Lakini msiache kujaza Kiswahili kwa kuogopa hilo. Jazeni, kisha fuatilieni. Hapa mzazi mpole mtoto wake anasahaulika kwa adabu sana.

Sayansi, kusema haki, nimewavulia kofia. Walipofika kwenye mfumo wa damu, binti alirudi nyumbani akachukua bahasha ya kodi ya halmashauri, ile inayonikosesha usingizi, akachora nyuma yake moyo wenye vyumba vinne. Damu inayotoka mwilini bluu, inayotoka kwenye mapafu nyekundu. Akanishika mkono, akahesabu mapigo yangu nimekaa. Akaniamuru nipande ngazi za jengo hadi juu na kushuka, akahesabu tena, akachora grafu, akaniambia kwa sauti ya daktari kwamba nachelewa kurudi kwenye hali ya kawaida. Mimi sayansi ya moyo niliikariri ubaoni, mshale huku mshale kule, na sikuwahi kushika mkono wa mtu. Wamesoma pia mwanga na vivuli, sakiti za umeme kwa alama zake, na namna ya kuainisha viumbe.

Halafu ikaja mada ya mageuzi ya viumbe. Ipo kwenye mtaala wa mwaka huu, visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe), Darwin na yote. Kanisani kwetu wazazi wawili watatu walichacha. Mimi nikaona huu ndio mlango wangu. Nikamwambia binti aulize darasani visukuku vya binadamu wa kale vinatoka wapi. Nikamsimulia Olduvai, fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zilizogunduliwa 1978, zenye miaka milioni 3.6. Nani aliyesoma Tanzania hajakaririshwa hayo? Alienda kulieleza darasa. Siku hiyo nilitembea barabarani kama mimi ndiye niliyechimba.

Historia ina jambo linalofanana na hilo. Mtaala wa praimari unataka wasome jamii moja isiyo ya Ulaya, na shule inachagua: Baghdad ya mwaka 900 hivi, Wamaya, au Benin, ufalme wa kale wa Afrika Magharibi. Yetu ilichagua Benin, nikashukuru. Mtoto alijua kwamba kazi nyingi za sanaa za shaba za Benin zilizoko British Museum, makumbusho ya London, zilichukuliwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897, na akaniuliza kwa nini hazirudishwi. Nikamjibu awaulize walimu wake. Kilwa haimo kwenye machaguo hayo. Mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331 akausifu, na mtoto wa pwani hii ya ughaibuni hausikii mpaka baba yake afungue simu amwonyeshe magofu. Vita vya pili navyo wamesoma kirefu, watoto wa London waliopelekwa vijijini kukwepa mabomu, chakula cha kuponi. Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, hawatajwi. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma mwaka 1944 hawamo kwenye kitabu, na babu wa mke wangu alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo shemeji, kwenye jiografia una hoja, ndogo. Kagera, Geita, Tabora, Katavi. Mimi ndiye ninayezijua, si binti. Shule ya Uingereza haina deni la kumfundisha mikoa yetu, kama vile wewe hujui kaunti zao. Kinachoniuma zaidi ni kwamba tangu Year 3 anasoma Kifaransa kwa lazima, kila wiki, na Kiswahili ni juu yangu mimi ninayerudi zamu ya usiku macho mekundu.

Kuogelea kupo kwenye mtaala pia. Kabla hajamaliza praimari mtoto anatakiwa aweze mita 25. Mimi nimekulia Mwanza, ziwa lile mbele ya macho, na sijui kuelea.

Kuna barua itakuja ya elimu ya uhusiano na kubalehe. Msipaniki. Elimu ya uhusiano ni lazima tangu Septemba 2020, na mabadiliko ya mwili yamo kwenye sayansi. Elimu ya ngono yenyewe kwa praimari mzazi ana haki ya kuomba mtoto asiwepo. Ombeni kwanza kuona wanachofundisha, ndipo mwamue. Mimi niliona slaidi zao nikamwacha akae. Mengi yalikuwa yale ambayo shangazi yake angepaswa kumwambia, na shangazi yuko Sengerema.

Sasa mtihani. Unaitwa SATs, unafanyika siku nne mwezi Mei: sarufi na tahajia, siku inayofuata kusoma kwa dakika 60, halafu hesabu karatasi tatu. Uandishi na sayansi anapima mwalimu wa darasa. Alama zinabadilishwa kuwa kati ya 80 na 120, na 100 ndiyo kiwango kinachotarajiwa. Matokeo Julai. Hapa ndipo shemeji asipoamini: hayampeleki mtoto popote. Sekondari watakayokwenda wanajulishwa tarehe 1 Machi, miezi miwili kabla ya mtihani. Anayepimwa sana ni shule, maana matokeo yake yanatangazwa. Nikikumbuka sisi, kambi ya darasa la saba, mock ya wilaya, mock ya mkoa, twisheni ya saa kumi na moja alfajiri, na mwisho wa yote siku mbili za Septemba zinaamua kama utaenda sekondari ya vipaji ya Ilboru au unakaa nyumbani kuuza karanga. Nilikuwa na rafiki mwenye akili kuliko mimi aliyekaa nyumbani. Hakuna anayenishawishi kwamba ule ulikuwa mtihani wa kujua nani ana akili.

Isipokuwa msidanganywe kwamba hapa hakuna mchujo kabisa. Zipo shule 163 za serikali zinazochagua kwa mtihani wao, nyingi zimerundikana sehemu kama Kent, Buckinghamshire na Lincolnshire, na mtihani huo kwa kawaida ni Septemba, mwanzo tu wa Year 6. Wenye hela wanaanza twisheni Year 4. Na huku kwingine mchujo ni nyumba: shule nzuri inachukua wa karibu, na pango la karibu na shule nzuri utajua mwenyewe.

Shule ni bure, lakini bili zipo. Safari ya kulala porini kupanda kamba na kuendesha mtumbwi, pauni 340. Hiyo huko nyumbani ni karibu muhula wa English medium nzuri. Wanaopokea msaada wa serikali hupunguziwa, wengine tunalipa kidogo kidogo. Baada ya SATs ndiyo masomo yanalegea: tamthilia, mafunzo ya baiskeli, fulana ya kuagana yenye majina ya darasa zima, na wazazi wengine wanakodi gari refu la kifahari kwa sherehe ya watoto wa miaka kumi na moja. Hilo nimekataa. Mtoto alinuna wiki nzima.

Mnaotaka kuja: tangu Machi 2024 aliyekuja kwa viza ya kulea wazee hakuruhusiwa kuleta watoto, na tangu Julai 2025 viza hiyo haitolewi tena kwa anayeomba kutoka nje. Wakala anayekuahidi tofauti anataka hela yako, mwache. Mwenye njia nyingine ya halali, kama unaweza kuchagua, usimlete mtoto katikati ya Year 6. Mlete mapema zaidi, au aanze sekondari na wenzake Septemba. Na uje na cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya chanjo.

Wenye watoto wanaoingia Year 6 mwaka huu, fomu ya sekondari mnajaza kwenye tovuti ya halmashauri yenu, si shuleni, na mwisho ni 31 Oktoba. Jazeni nafasi zote mlizopewa. Ukiandika shule moja tu ukidhani unawalazimisha, utapangiwa ile ambayo wenzako wote wameikimbia.