Njoo Tuzungumze

Kabla mwalimu mpya wa hisabati hajatia mguu darasani, tulikuwa tumekwisha kumhukumu. Wanafunzi waliotutangulia walituambia kwamba ni mtu mkavu na kwamba anayekosea mbele yake hudharauliwa. Nami, niliyekuwa dhaifu katika somo hilo, nililishika neno lao kama ushahidi. Aliponyamaza baada ya kuuliza swali, niliona anatutega. Alipopita kati ya madawati, mikono nyuma, niliona anatafuta wa kumwaibisha.

Wiki ya pili alirudisha madaftari. Chini ya hesabu yangu ya sehemu, ambayo mstari wake wa tatu ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, aliandika: "Njoo tuzungumze." Nilifunga daftari upesi, nikiwa na hakika kwamba ninaitwa kusemwa. Sikwenda. Mwenzangu wa dawati, ambaye alikuwa mgonjwa siku zile za uvumi na hakusikia lolote, alikuwa ameandikiwa maneno yale yale. Yeye alikwenda wakati wa mapumziko, akarudi na karatasi iliyojaa mifano, akaniambia, "Mwalimu huyu ana subira sana. Anakuuliza, kisha anakungoja ufikiri." Kumbe kimya nilichokiita mtego, mwenzangu alikiita subira!

Miaka mingi baadaye, nikisomea ualimu, nilisoma juu ya jaribio ambalo mwanasaikolojia Harold Kelley alilichapisha nchini Marekani mwaka 1950. Wanafunzi walipewa maelezo mafupi kuhusu mwalimu mgeni, yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa kwamba baadhi yao walisoma kuwa ni mchangamfu, na wengine kuwa ni mkavu. Walimsikiliza mtu yule yule kwa pamoja, lakini walioambiwa ni mchangamfu walimwona mcheshi na mwenye kujali zaidi. Tena 56% yao walishiriki mazungumzo, ilhali kwa wale wengine walikuwa 32% tu. Takwimu hiyo ya mwisho ilinichoma, kwa maana anayenyamaza hujinyima hata nafasi ya kugundua kwamba alidanganywa, na mimi nilinyamaza karibu muhula mzima.

Siku chache kabla ya kufunga shule, mwalimu alinisimamisha mlangoni, akaniuliza kwa upole, "Mbona hukuja?" Nilitazama chini, nikamjibu kwamba nilisahau.

"Basi njoo kesho," akasema, "na lile daftari."

Nilikwenda.